Maswali ya Wasomaji: London kwa Hatua za Mtoto

Likizo ya Agosti inapokaribia, barua kuhusu safari za ng'ambo huongezeka mezani petu, na safari hii nyingi zinauliza jambo moja: mzazi wa Nairobi aliyepata nafasi ya kwenda London na watoto wadogo afanyeje ili safari iwe yao pia, wala isiwe ya watu wazima wanaoburuta watoto nyuma yao. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake naliona kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na ningependa familia hii iliepuke.

Mimi ni mama wa watoto wawili, msichana wa miaka 6 aliye Gredi ya Kwanza na mvulana wa miaka 3. Kaka yangu anaishi kusini mwa London na ametualika kwa siku tisa mwezi Agosti. Mume wangu ameandika orodha ya mahali 22 anapotaka tufike, kwa kuwa anaona huenda tusipate tena nafasi kama hii. Mimi nahofia kwamba watoto watachoka na sisi tutagombana. Tupange siku zetu vipi, na ni mambo gani yanayowafaa watoto wa umri huu? – Mama wa wawili, South C

Mama, hofu yako ina msingi, nami niko upande wako kabisa. Orodha ya mzee wako imeandikwa na mtu anayeijua ramani, lakini ramani haionyeshi urefu wa mguu wa mtoto wa miaka 3. Kanuni ninayoifuata siku hizi ni hii: jambo moja kubwa asubuhi, bustani alasiri, chakula cha jioni mapema, kisha kitanda. Ukiondoa siku ya kufika na siku ya kuondoka mnabaki na siku saba, yaani mambo saba, na hata kati ya hizo ningependa siku moja iachwe tupu kwa ajili ya mvua, au kwa ajili ya binamu, ambao watoto wenu watawapenda kuliko mnara wowote.

Nilijifunza kanuni hiyo kwa machozi. Nilipowapeleka wanangu mara ya kwanza, mkubwa akiwa na miaka 5 na mdogo miaka 3, nilipanga kasri asubuhi, makumbusho adhuhuri na mashua mtoni jioni. Kufikia saa nane mchana yule mdogo alikuwa amelala kifudifudi kwenye ngazi za kituo cha treni, shavu lake limeganda juu ya jiwe, kiatu chake kimoja kikiwa mkononi mwangu, na dada yake analia kwa sababu mwenzake analia. Mashua hatukuipanda. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata kasri, ambalo tulifika na kulitazama, hakuna mtoto aliyelikumbuka tuliporudi nyumbani. Walichowasimulia wenzao shuleni ni kindi wa kijivu aliyepanda juu ya benchi lao bustanini na kunusa mfuko wa biskuti.

Maandalizi yaanzie hapa nyumbani. Wiki kama sita kabla ya safari, wapelekeni watoto Msitu wa Karura kila Jumamosi asubuhi, mtembee bila kubebana, na mpime kwa saa muda ambao mdogo anatembea kabla hajaomba kubebwa. Muda huo ndio kipimo chenu cha London, na kigari cha mtoto kiende nanyi hata kama mnaamini kwamba ameshakua. Kisha nendeni Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, msimame mbele ya sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mpaka alipokufa mwaka 1974, na muwaache watoto wamtazame kutoka mkongani hadi mkiani bila haraka. Mtoto aliyemwona Ahmed vizuri atakuwa na kitu cha kulinganishia atakapokutana na nyangumi.

Nyangumi huyo yuko Natural History Museum, mtaa wa South Kensington, katika jengo la mwaka 1881 ambalo kwa nje mtoto anaweza kulidhani kanisa. Ndani ya ukumbi mkuu imening'inizwa mifupa ya nyangumi wa buluu, jike, mwenye urefu wa mita 25.2, aliyekwama kwenye pwani ya Wexford nchini Ireland mwaka 1891. Tangu mwaka 2017 amewekwa hapo akiinama kana kwamba anapiga mbizi, kinywa kikiwa wazi, na amepewa jina Hope, yaani Tumaini. Msikimbilie chumba kingine. Tafuteni mahali pa kukaa chini yake, muwape watoto nafasi ya kutazama juu. Katika safari yetu ya pili binti yangu alianza kuhesabu mbavu kwa kidole, akapoteza hesabu, akaanza upya, akapoteza tena, akaanza mara ya tatu. Zilipita dakika ishirini hivi, na sijawahi kujuta kwamba sikumharakisha. Kuhusu dinosauri niwape tahadhari moja: mwishoni mwa sehemu yao kuna Tyrannosaurus wa mitambo anayegeuza kichwa na kunguruma gizani. Wa miaka 6 huenda atafurahi na kuomba kurudia. Wa miaka 3 huenda akakukaba shingo na kuamka usiku analia, kwa hiyo mmoja wenu abaki naye chini ya nyangumi.

Kiingilio hapo ni bure, kama ilivyo kwa mikusanyo ya kudumu ya makumbusho ya kitaifa ya Uingereza tangu Desemba 2001, na kwa mzazi wa watoto wadogo faida ya ubure huo ni kubwa kuliko pesa anazookoa. Mtu aliyelipa kiingilio kikubwa hung'ang'ania kuona kila chumba ili thamani irudi, hata mtoto akiwa hoi. Aliyeingia bure anaweza kutoka baada ya saa moja akiwa na amani moyoni, na kesho akarudi. Hata hivyo mwezi Agosti foleni huwa ndefu, basi chukueni mapema kwenye tovuti yao tiketi ya bure yenye saa maalumu, na mfike mlango unapofunguliwa saa nne asubuhi. Ikifika saa sita tokeni, mtembee hadi Kensington Gardens au Hyde Park, ambazo haziko mbali, mkatandike leso kwenye nyasi na mle mlichobeba. Siku nyingine wapelekeni makumbusho ya Young V&A huko Bethnal Green, ambayo nayo ni bure; ilifunguliwa upya Julai 2023 na imepangwa kwa ajili ya watoto tangu wachanga, kwa hiyo hutakuwa na kazi ya kusema usiguse, usiguse, kutwa nzima.

Kwa bustani, nina mbili ninazowahimiza. St James's Park iko karibu na kasri la Buckingham, na ndani yake wamo mwari, ndege wale wale wenye mfuko chini ya mdomo ambao mtoto wa Kenya huwaona Nakuru na Naivasha. Wa kwanza waliletwa mwaka 1664 kama zawadi ya balozi wa Urusi kwa Mfalme Charles wa Pili, na mpaka leo mwari wa bustani hiyo hulishwa samaki alasiri. Mtoto kukutana na ndege wa kwao katikati ya mji wa watu ni furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa maandishi. Bustani ya pili ni Coram's Fields, mtaa wa Bloomsbury, ambapo mtu mzima haruhusiwi kuingia asipokuwa na mtoto. Soma tena sentensi hiyo, Mama. Pale mlangoni mtoto wako ndiye tiketi yako. Mahali hapo palikuwa makao ya watoto waliotelekezwa, yaliyoanzishwa mwaka 1739 na nahodha Thomas Coram, na eneo lilipotaka kuuzwa na kujengwa katika karne iliyopita, watu walichangishana pesa ili libaki kuwa la watoto. Kuna bembea, mchanga wa kuchezea na nyasi za kukimbilia, na hakuna anayedai hata senti.

Sasa nije kwenye usingizi, kwa sababu hapa ndipo wazazi wetu wengi hushtuka. Watoto wa Nairobi wamelelewa na jua linalozama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. London mwanzoni mwa Agosti jua huzama karibu saa tatu kasorobo usiku, na mwanga hubaki angani kwa zaidi ya nusu saa baada ya hapo. Utamwambia mwanao akalale saa mbili usiku naye atakuonyesha dirisha na kukuambia, kwa haki kabisa, kwamba bado ni mchana. Wakati huo huo saa ya London wakati wa kiangazi iko nyuma ya yetu kwa saa mbili, kwa hiyo mwili wa mtoto aliyezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi Nairobi utaamka saa kumi alfajiri London. Mambo hayo mawili yakikutana, mtoto analala mno kuchelewa na kuamka mno mapema, na kufikia siku ya tatu hakuna anayeweza kumvumilia. Beba leso mbili nzito na pini, uzibe dirisha la chumba cha kulala tangu usiku wa kwanza. Siku mbili za mwanzo waache walale mapema kama mwili unavyotaka, kisha usogeze muda nusu saa kila usiku. Usijaribu kuwarudisha kwenye ratiba ya nyumbani kwa nguvu. Siku tisa hazitoshi kushindana na jua.

Kuhusu usafiri, habari ni njema. Mtoto wa chini ya miaka 11 hasafiri kwa nauli kwenye mabasi ya mji, na kwenye treni za chini ya ardhi mtu mzima aliyelipa anaweza kuingia na watoto hadi wanne wa umri huo bila malipo. Mtu mzima hulipa kwa kugusisha kadi ya benki au simu kwenye mashine, na kila mmoja wenu awe na kadi yake, kwani kadi moja haiwezi kuwalipia wawili. Pesa taslimu hazipokelewi ndani ya basi tangu mwaka 2014, kwa hiyo usije ukasimama mlangoni ukitafuta sarafu kama unayemlipa makanga. Ukilipa basi la kwanza, mabasi mengine utakayopanda ndani ya saa moja hayakati tena nauli.

Kati ya basi na treni, mimi nachagua basi kila nikiwa na watoto. Treni hizo zilianza mwaka 1863, za kwanza duniani za aina yake, na waliozichimba hawakuwa na vigari vya watoto akilini: vituo vingi havina lifti, na katika kiangazi baadhi ya njia zina joto la kukosesha pumzi. Basi la ghorofa ni mchezo wenyewe. Pandeni juu, mkae viti vya mbele kabisa, na mtoto ataona mji kwa kimo ambacho hata baba yake hakijui. Nambari 24, linaloanzia Hampstead Heath na kuishia Pimlico, hupita Trafalgar Square na Westminster, na mzee wako atapunguza majina matatu au manne kwenye orodha yake bila mtoto kupiga hatua. Kigari hukaa katika nafasi maalumu chini, katikati ya basi, lakini mtu mwenye kiti cha magurudumu akiingia yeye ndiye mwenye haki ya nafasi hiyo, nanyi mtakunja kigari bila kungoja kuombwa mara mbili. Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, njia ya treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, ndiyo itakayowapa taabu ndogo kuliko zote mkiwa na masanduku na kigari, kwa sababu vituo vyake vina lifti au njia isiyo na ngazi.

Siku ambayo ningeomba msiikose ni ya Greenwich. Nendeni kwa treni ndogo ya DLR kutoka Bank hadi kituo cha Cutty Sark. Treni hiyo haina chumba cha dereva mbele, kwa hiyo mtoto akikaa kiti cha kwanza huona reli zote zikimjia na kuamini kwamba yeye ndiye anayeiendesha. Mkishuka, itazameni merikebu ya mwaka 1869 iliyokipa kituo jina, kisha pandeni kilima polepole mpaka penye mstari wa longitudo sufuri, ambao mataifa yaliukubali kuwa kipimo cha dunia mwaka 1884. Kama mmewahi kuwasimamisha watoto wenu kwenye ubao wa ikweta pale Nanyuki, watakuwa wamekanyaga sufuri zote mbili za dunia, ile ya latitudo nyumbani kwao na ile ya longitudo ugenini, na mtoto wa Gredi ya Kwanza anaweza kulielewa jambo hilo akionyeshwa kwa kidole kwenye chungwa. Kusimama kwenye mstari ndani ya ua wa kituo cha nyota kunalipiwa, lakini mstari huo huo umewekewa alama nje ya ukuta, kwenye njia ya waendao kwa miguu, na alama hiyo hailipiwi. Miguu ikiwa bado ina nguvu, chini ya mto Thames kuna njia ya waendao kwa miguu ya mwaka 1902, yenye urefu wa mita 370 hivi, na sauti za watoto humo ndani huvuma kama wako ndani ya mtungi.

Yako mambo ambayo ningeyaacha. Bustani ya wanyama ya London ni ya zamani na ina heshima yake, lakini kulipa paundi nyingi ili mtoto wa South C akamwone twiga ambaye anaweza kumlisha kwa mkono wake Lang'ata, sioni sababu. Gurudumu kubwa la London Eye lina kimo cha mita 135 na mzunguko wake huchukua nusu saa. Foleni yake inaweza kuchukua zaidi, na kulitazama kutoka daraja la Westminster ni bure. Badala yake tafuteni ratiba ya Tower Bridge, daraja la mwaka 1894 ambalo hadi leo huinua mabawa yake mara mia nane hivi kwa mwaka ili kupisha vyombo vya majini. Saa za kuinuliwa hutangazwa mapema. Fikeni robo saa kabla, simameni kando ya mto, muone barabara nzima ikisimama wima.

Na mzee wako umwambie achague mahali pawili kutoka orodha yake, aende peke yake jioni mbili wewe ukibaki na watoto, kisha naye akupe jioni zako mbili. Magomvi mengi ya safari yanatokana na mtu mzima kusimama mbele ya kitu alichokitamani maisha yote huku mtoto anamvuta suruali akitaka choo.

Nataka kumpeleka binti yangu wa miaka 4 London kwa wiki mbili. Mama yake hawezi kupata ruhusa kazini, kwa hiyo tutakuwa wawili tu. Nimesikia kwamba baba anayesafiri peke yake na mtoto husumbuliwa mipakani. Ni karatasi gani ninazohitaji? – Baba, Kasarani

Ndugu yangu, hutasumbuliwa ukiwa umejiandaa. Utaulizwa, na ni vema ulimwengu uwe unauliza mtoto mdogo anakwenda wapi na nani. Binti yako anahitaji pasipoti yake na viza yake mwenyewe, yenye maombi na ada yake, hata kama unamwombea wewe. Kwa kuwa hajafika miaka 5 hatachukuliwa alama za vidole, lakini ni lazima afike mwenyewe siku ya miadi apigwe picha. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu hivi baada ya miadi hiyo. Usinunue tiketi isiyorudishiwa pesa kabla viza haijatoka.

Karatasi ya pili ni barua ya mama yake inayokubali safari, ikitaja tarehe, mahali mtakapokaa na kwamba mtoto anasafiri nawe, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Barua iliyoapishwa mbele ya wakili ina uzito zaidi, nami sioni kwa nini uache kuiapisha. Mtu mzima aliyetajwa kwenye maombi ya viza ya mtoto ndiye anayepaswa kufika naye mpakani, kwa hiyo mipango ikibadilika na shangazi akachukua nafasi yako, jambo hilo lirekebishwe kabla ya kuondoka.

Na cheti cha kuzaliwa kisikae ndani ya sanduku, kiwe mkononi. Hili nalisema kwa sababu ya desturi yetu ya majina. Katika jamii zetu nyingi mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, na jina lake la mwisho linaweza lisifanane kabisa na la baba aliyemshika mkono. Afisa wa uhamiaji wa London, ambaye amezoea familia nzima kuwa na jina moja la ukoo, ataona watu wawili wenye majina tofauti, na cheti hicho ndicho kitakachomweleza kwa nukta moja kile ambacho ungekieleza kwa dakika kumi. Mzoeze pia binti yako kutaja jina lake kamili na jina lako. Maafisa huweza kumwuliza mtoto swali moja mawili kwa upole, na mtoto aliyezoea kukuita baba tu anaweza kunyamaza kwa haya.

Binti yangu amejifungua huko London na sasa anakuja nyumbani likizoni. Ameniomba nimsindikize kurudi London pamoja na wajukuu wangu, mmoja wa miezi 8 na mwingine wa miaka 2 na nusu. Naogopa ile ndege. Tena ningependa kumbebea nyama kavu, siagi ya nyumbani na unga wa uji wa watoto. – Nyanya, Dagoretti

Shikamoo, Nyanya, na hongera kwa wajukuu. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi London huchukua takriban saa tisa, na ikiwa ni ya usiku watoto watakuwa wamelala sehemu kubwa ya safari. Mwambie binti yako apige simu kwenye shirika la ndege mara tu baada ya kununua tiketi, aombe kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa kwenye ukuta wa mbele. Ni vichache na hupewa anayewahi. Yule wa miezi 8 husafiri mapajani, lakini wa miaka 2 na nusu lazima awe na kiti chake. Ndege inapopaa na inapoteremka mdogo anyonyeshwe au apewe chupa, mkubwa apewe kitu cha kunyonya, kwa sababu kumeza ndiko kunakozibua masikio. Maziwa na chakula cha mtoto mchanga huruhusiwa kupita kwenye ukaguzi hata yakizidi ile mililita 100 inayowabana watu wengine, ila mtayatoa kwenye mfuko yakaguliwe.

Kuhusu zawadi, nakusihi, Nyanya, nyama na siagi ziache nyumbani. Uingereza hairuhusu abiria kutoka nchi yetu kuingia na nyama, maziwa wala vitu vitokanavyo na hivyo, na vitachukuliwa mbele ya macho yako na kutupwa, jambo ambalo litakuuma baada ya kazi yote uliyoifanya. Maziwa ya unga na vyakula vya watoto wachanga vilivyofungwa kiwandani, visivyohitaji friji kabla ya kufunguliwa, vinaruhusiwa hadi kilo 2 kwa kila mtu. Unga wa wimbi usiochanganywa na maziwa hauhusiki na katazo hilo. Ndizi za kupika, mihogo na unga wa mahindi vinapatikana katika masoko ya Brixton na Peckham, na huenda binti yako anawajua wauzaji kwa majina.

Mwanangu wa miaka 5 ana pumu. Tunakwenda London mwezi Juni au Agosti, hatujaamua. Akibanwa usiku huko ugenini, nifanye nini, na matibabu ni bure kama ninavyosikia? – Mama, Umoja

Dada yangu, kama mna hiari, chagueni Agosti. Chavua ya nyasi huko Uingereza hupamba moto kati ya Mei na Julai, nayo huamsha pumu ya watoto wengi. Ifikapo Agosti huwa imepungua sana. Mkiwa mjini tumieni basi zaidi ya treni za chini ya ardhi, kwa kuwa hewa ya kule chini ina vumbi laini la reli na breki. Nyumba nyingi hazina viyoyozi, na joto la huko linaweza kuwa kali kuliko tunavyodhani, maana tarehe 19 Julai 2022 Heathrow ilifika nyuzi 40.2. Ulizia feni kabla hamjafika.

Matibabu si bure kwa namna unayoisikia. Kuhudumiwa katika idara ya dharura ya hospitali ya umma hakutozwi, hata kwa mgeni, lakini mtoto akilazwa wodini mgeni wa muda mfupi kutoka Kenya hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida, na usiku mmoja unaweza kuwa deni la miaka. Nunua bima ya usafiri hapa Nairobi, na utaje pumu hiyo kwenye fomu kwa maandishi. Bima iliyonunuliwa kwa kuficha ugonjwa haina thamani siku ya kuhitajika. Akibanwa sana, piga 999, haitozwi, na utaje anwani ya nyumba pamoja na msimbo wake wa posta, ambao uubandike mlangoni siku ya kwanza ili usiutafute ukiwa na hofu. Kwa shida isiyo ya dharura piga 111 upewe ushauri.

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, pampu mbili na si moja, pamoja na kile kikopo cha plastiki anachovutia dawa. Mwombe daktari wake barua inayoeleza ugonjwa, kipimo, na jina la dawa yenyewe, kwa mfano salbutamol, pamoja na lile la kampuni lililo kwenye boksi, kwa sababu boksi la huko linaweza kuwa na jina tofauti, lakini salbutamol daktari wa London ataisoma na kuielewa mara moja.